Walioteremka Mlimani

Likizo ndefu ya mwaka 1968 ilipokaribia, wanafunzi wa historia pale Mlimani, Dar es Salaam, walipewa kazi ya kwenda nayo nyumbani. Wa Umatumbi arudi Umatumbi, wa Songea arudi Songea, wa Mahenge arudi Mahenge. Awatafute wazee walioviona Vita vya Maji Maji kwa macho yao, akae nao, awasikilize, aandike. Hesabu yenyewe ilitia hofu. Vita hivyo, dhidi ya utawala wa Wajerumani, vilianza Julai 1905. Kijana aliyekuwa na miaka 15 siku hizo, sasa alikuwa na 78. Kila masika yalipopita, mashahidi walipungua.

Aliyewahi kufanya kazi ya namna hii vijijini anajua kwamba huwezi kufika tu ukafungua daftari. Shikamoo kwanza. Kisha habari za shamba, za mvua, za aliyeoa na aliyezikwa. Ukiuliza jambo la damu kabla ya wakati wake, mzee atakujibu kwa swali: wewe ni mjukuu wa nani? Ndiyo maana ilikuwa busara kuwatuma vijana makwao. Swali hilo wao walikuwa na jibu lake.

Naianzia hapa historia ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ingawa chuo kilikwisha kuwa na miaka saba, kwa sababu kazi hii iliweka wazi swali ambalo nadhani linafaa kuulizwa juu ya kila utafiti uliofanywa pale: walioulizwa walirudishiwa nini?

Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU lililokuwa Mtaa wa Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja, cha sheria, na wanafunzi wake hawakufika 20. Shahada zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima kilichoitwa Observation Hill, magharibi ya mji. Watu wakakiita Mlimani, na jina hilo halijatoka hadi leo. Julai 1970 muungano ule ulivunjwa, kila nchi ikabaki na chuo chake.

Miongoni mwa walimu wa mwanzo alikuwa Terence Ranger, Mwingereza aliyefukuzwa na serikali ya walowezi wa Rhodesia mwaka 1963 akaja Dar es Salaam kuanzisha idara ya historia. Walimu wengi wa vyuo vya wakati ule waliamini kwamba Afrika isiyokuwa na maandishi haikuwa na historia, ila matendo ya Wazungu waliokuja. Idara ya Mlimani iliikataa imani hiyo. Isaria Kimambo, mwana wa Upare, alikuwa amekwisha kuonyesha njia. Aliwaendea wazee wa koo za kwao, akasikiliza masimulizi ya matambiko na ya watawala, akayalinganisha ukoo kwa ukoo, na kutoka hapo akaandika historia ya siasa za Wapare iliyochapishwa mwaka 1969. Mwaka huohuo yeye na Arnold Temu wakahariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichoanza na wenyeji wa nchi wenyewe, kwa karne nyingi kabla ya meli za wageni.

Mradi wa Maji Maji uliongozwa na Gilbert Gwassa pamoja na John Iliffe. Gwassa alizama katika Umatumbi, kule vita vilikoanzia, na kazi hiyo ikamzalia shahada ya uzamivu mwaka 1973. Kabla yake, habari kubwa za vita hivi zilitoka katika majalada ya Wajerumani, na majalada yaliandika yale ambayo ofisa aliyaona: boma limechomwa, mkuu fulani amenyongwa, wilaya imetulia. Hayakuweza kueleza vita vilivyopandwa moyoni mwa watu.

Wazee walieleza. Walisema jinsi kila mtu alivyolazimishwa kulima pamba katika shamba la pamoja chini ya akida na kiboko, na malipo yakawa haba hata wengine wakakataa kuyapokea. Walisema habari za Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, na dawa yake ya kinga, ya maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama. Wakalitaja na neno ambalo hakuna ofisa angelisikia: njwiywila, ule ujumbe wa siri uliopita kwa kunong'onezana, na aliyetaka kuusikia alitoa pesa moja, ile sarafu ndogo ya Kijerumani. Walitaja hata majina ya wawili waliokwenda kung'oa miche ya kwanza ya pamba pale Nandete ili kutangaza vita, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Miche michache tu iling'olewa. Lakini kila aliyeiona imelala chini alijua kwamba kurudi nyuma hakupo.

Nimeyasoma majina hayo mara nyingi, na kila mara hunishika vilevile. Watu hawa wawili hawakuacha barua wala picha. Wamo katika historia ya nchi kwa sababu mzee mmoja alikumbuka na mtu mmoja alikwenda kumuuliza wakati bado kuna wa kuulizwa.

Karatasi za wanafunzi zilionyesha jambo jingine lililowasumbua waliotaka hadithi iliyonyooka. Vita havikuwa vilevile kila mahali. Palikuwa na watu walioipokea dawa kwa imani, palikuwa na watawala waliopima faida na hasara kwanza, na palikuwa na waliosimama upande wa Wajerumani kwa sababu adui yao wa zamani alikuwa amekunywa maji. Na baada ya bunduki ikaja njaa, maana Wajerumani walichoma ghala na mashamba. Wao walihesabu waliokufa kuwa 75,000. Gwassa, kwa kuzingatia njaa na vijiji vilivyohamwa, alifikisha kati ya 250,000 na 300,000.

Je, walioulizwa walirudishiwa nini? Karatasi zenyewe zilikusanywa kwa Kiingereza na kubaki maktabani. Lakini katika chuo hichohicho alikuwepo kijana wa tamthilia, Ebrahim Hussein. Aliitumia kazi ya Gwassa, na mwaka 1969 ikachapishwa tamthilia yake ya Kiswahili, Kinjikitile. Tangu hapo vijana wa sekondari, vizazi kwa vizazi, wamemkuta yule mtu wa Ngarambe darasani, anaongea lugha yao, ana shaka na hofu kama binadamu. Hii ni njia moja ya utafiti kurudi kijijini, na sioni kwamba iliyo bora zaidi imepatikana.

Historia iliyoandikwa Mlimani nayo haikuachwa bila kuhojiwa. Walter Rodney wa Guyana, aliyefundisha Mlimani kuanzia mwaka 1966 na tena kuanzia 1969 hadi 1974, alikuwa akiuliza kwa nini bara linalotoa mali limebaki maskini, na kitabu chake kikubwa juu ya swali hilo kilitoka mwaka 1972, London na Dar es Salaam. Katika kitivo cha sheria Issa Shivji aligeuzia darubini nchi yake mwenyewe, akauliza ni tabaka gani linafaidi baada ya Uhuru. Na mwaka 1981 Temu, pamoja na Bonaventure Swai, wakaikosoa hata ile historia ya kizalendo ambayo Temu mwenyewe alisaidia kuijenga. Chuo kinachoweza kujikosoa hivyo kilikuwa hai.

Wakati wanahistoria wakikusanya masimulizi, chumba kingine kilikuwa kikikusanya maneno. Kazi hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko chuo chenyewe. Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja ziliunda Kamati ya Lugha ili Kiswahili cha shule kiwe kimoja, na lahaja ya Kiunguja ikawa msingi wake. Kamati ilihama kama mpangaji: kutoka Dar es Salaam ikaenda Nairobi, kutoka Nairobi Makerere, kutoka Makerere Mombasa, hadi mwaka 1964 iliporudi Dar es Salaam kuwa sehemu ya chuo. Hatimaye ikajulikana kama Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo kila mtu aliita TUKI.

Katibu wa kwanza wa Kamati, Frederick Johnson, ndiye aliyeandaa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1935. Baada yake ilipita karibu miaka hamsini bila nyingine ya kuchukua nafasi yake. Fikiria: lugha ilishakuwa ya taifa, bunge linaitumia, magazeti yanaitumia, watu wazima kwa mamia ya maelfu wanajifunza kuisoma katika kisomo chenye manufaa, na mwenye lugha hana kitabu cha kisasa cha kumweleza neno lake kwa neno lake.

Kuandika kamusi ni kazi ya subira kuliko nyingi nizijuazo. Chukua neno dogo kama piga. Mtu hupiga ngoma, hupiga pasi, hupiga simu, hupiga hodi, hupiga mswaki, hupiga magoti, hupiga chafya. Ni neno moja lenye maana nyingi, au ni maneno mengi yenye sura moja? Ipi itangulie? Ipi ni ya pwani tu, ipi imeingia na mji? Mwandishi wa kamusi hawezi kukisia. Lazima awe amesoma, amesikia, amelinganisha, na lazima aamue. Kisha aendelee na pigana, pigia, pigisha, pigwa. Kisha ageukie neno linalofuata, na baada yake maelfu mengine.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Ifungue popote: nm kwa nomino, kt kwa kitenzi, viambishi vya ngeli ndani ya mabano, maana, kisha mfano wa matumizi. Ilikwenda kwa mwalimu, kwa mhariri, kwa karani, kwa mtoto wa darasa la saba. Toleo la pili lilitoka mwaka 2004. Kwangu, hii ndiyo kazi ya Mlimani iliyowafikia Waswahili wengi kuliko zote, na wengi waliitumia bila kujua kwamba ni matunda ya utafiti.

Hapa ndipo nina neno la uchungu. TUKI haikuishia kwenye maneno ya kawaida. Mwaka 1990 ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia, ili mwanafunzi aweze kusoma sayansi kwa lugha anayoiota. Miaka minane kabla ya hapo, tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imependekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na vyuo vikuu mwaka 1992. Pendekezo halikutekelezwa. Kwa hiyo watafiti waliandaa vyombo, wakavisafisha, wakavipanga mezani, na wageni hawakukaribishwa. Vile vyombo bado vipo.

Mwaka 2009 TUKI iliunganishwa na Idara ya Kiswahili ikawa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Mwaka huohuo ulitoka mzigo mwingine mkubwa wa Mlimani, Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyoandikwa kwa Kiswahili. Iliorodhesha lugha karibu 150 na kuonyesha kwenye ramani zinazungumzwa wapi. Mimi hupenda kuwatazama watu wanapoifungua: kidole huenda kwanza nyumbani kwa mama.

Tuwaache wa maneno, twende kwa wa udongo.

Mwaka 1967 chuo kilianzisha ofisi ya kuchunguza rasilimali na matumizi ya ardhi, iliyojulikana kwa kifupi kama BRALUP, na karibu na wakati huo wanajiografia wa Dar es Salaam walishirikiana na wenzao wa Uppsala, Sweden, kupima mmomonyoko wa udongo. Miongoni mwa waliopima walikuwamo Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple. Kazi ilikuwa ya mikono. Unakwenda Mto Morogoro mvua inaponyesha, si baada yake, kwa maana ni wakati wa mafuriko ndipo mto hubeba mlima. Unateka maji ya kahawia kwenye chupa. Unayachuja, unakausha matope yaliyobaki, unayaweka kwenye mizani. Kisha unarudi tena mvua inayofuata. Kule Dodoma walipima vina vya mabwawa madogo, Ikowa, Matumbulu na Msalatu, wakakuta yanajaa mchanga kwa kasi ambayo ilimaanisha kwamba mengine yangedumu kizazi kimoja tu.

Februari 1970 mvua kubwa iliipiga Mgeta, katika milima ya Uluguru. Ndani ya saa zisizofika tatu zilimwagika takriban milimita 100, na miteremko ikaporomoka katika sehemu zaidi ya 1,000. Watafiti walipanda kuhesabu makovu. Karibu yote yalikuwa kwenye mashamba na nyasi. Penye msitu ardhi ilikuwa imeshikwa na mizizi.

Lakini kilichonivutia zaidi ni kile Temple alichokiandika juu ya miaka iliyotangulia. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Watu walichimba kwa amri, wakachoka, wakakataa, na mwaka 1955 zikatokea fujo, mpango ukafa. Katika ofisi za wakati ule mkulima alionekana mkaidi asiyejua faida yake. Utafiti ulieleza kisa kingine: matuta yale yalidai nguvu nyingi mno, na katika udongo mwembamba wa baadhi ya miteremko yalifunua udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakapungua. Mluguru aliyekataa kuchimba alikuwa amekwisha kupima kwa jembe lake kile ambacho mtaalamu alikuja kukipima baadaye.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1972 katika jarida la wanajiografia wa Sweden, kwa Kiingereza. Laiti ukurasa mmoja tu ungepandishwa Mgeta, ukasomwa kwa sauti mbele ya wale wazee walioitwa wakaidi.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Karatasi ilikosekana, magari ya utafiti yalisimama kwa kukosa vipuri, mshahara haukutosha mwezi. Baadhi ya matawi yalikuwa yanajitenga kwa sababu nzuri: kilimo cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, na utabibu wa Muhimbili nao baadaye ukajitegemea. Waliobaki wengi waliishi kwa kazi za ushauri wa wafadhili, ambapo swali la utafiti huja limekwisha kuandikwa na mlipaji. Hayo yalikula sana ule moyo wa kwenda kuuliza kwa subira. Ila haukufa, na ushahidi wake uko baharini.

Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea, alirudi kutoka Hawaii na shahada ya uzamivu katikati ya miaka ya 1970, akiwa bingwa wa mwani. Mwani wa mwituni ulikuwa umeokotwa pwani ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi na kuuzwa nje, kwa sababu una ute unaofanya aiskrimu, dawa ya meno na vipodozi kuwa vizito. Lakini ulikuwa umepungua kwa kuokotwa bila kupandwa. Mshigeni alisema ulimwe, kama mhogo unavyolimwa. Yalifanywa majaribio, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino.

Ukifika huko maji yakiwa yamekupwa utaona bahari imekuwa shamba. Vijiti vimechomekwa mchangani kwa mistari, kamba imevutwa kati yao, na kwenye kamba vimefungwa vichipukizi vya mwani kwa nyuzi nyembamba ambazo wakulima huziita taitai. Wanaofanya kazi ni wanawake zaidi, wamefunga kanga kiunoni, maji yanafika magotini. Baada ya wiki sita hivi huvuna, huanika, hutia kwenye magunia. Zanzibar imepata kuwa na wakulima wa mwani zaidi ya 20,000. Wengi wa akina mama hao walipata kwa mwani fedha ya kwanza waliyoitunza kwa mikono yao wenyewe, wakaezeka nyumba, wakalipa ada.

Bei, hata hivyo, ilibaki chini, kwa kuwa mwani uliondoka mkavu bila kusindikwa, na thamani ikaongezwa nchi nyingine. Kisha yakaja maradhi. Aina yenye bei nzuri, cottonii, ilianza kugeuka nyeupe na kukatika kwenye kamba. Katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lililoko Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, Flower Msuya alikuwa akifuatilia shamba kwa shamba. Maji ya kina kifupi yalikuwa yanapata joto kuliko mwani huo unavyoweza kustahimili. Jibu mojawapo likawa kuupeleka kwenye maji ya kina, na hapo pakazuka tatizo ambalo halikuwa la mimea: shamba la kina hutaka chombo na kujua kuogelea, na akina mama wengi wa vijijini hawakulelewa kuogelea.

Kwa hiyo Msuya na wenzake walishughulikia na upande wa nchi kavu. Kuanzia mwaka 2006 walikaa na vikundi vya wakulima kutafuta nini kinaweza kutengenezwa kijijini kwa mwani uliopo, hata ule wa bei ndogo. Kule Kidoti, kaskazini ya Unguja, akina mama waliusaga mwani mkavu wakapata unga, wakauchanganya katika mafuta ya nazi, wakatia viungo vya harufu, wakamimina kwenye fremu ya mbao. Ukishaganda hukatwa vipande. Mwani uliokuwa ukipakiwa gunia kwa gunia kwenda ng'ambo, sehemu yake ndogo sasa hubaki pale, imepangwa mezani, sabuni ya rangi ya kijani iliyofifia, inanukia karafuu.